Ilirudi nyumbani ikakuta maji

Mjomba wangu alimaliza kushona tanga jipya kusi ilipokuwa inakatika, na kabla halijaingia kazini alitaka kuliona. Kuliona lote kwa pamoja, limejaa upepo, kutoka juu. Nahodha halioni tanga lake. Yuko chini yake, ameshika sukani, anachokiona ni mshono, kamba na kivuli. Mjomba yuko baharini tangu ana miaka 12, sasa anakaribia 70, na hajawahi kuliangalia tanga lake kama ndege anavyoliangalia. Akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe chombo changu."

Mimi napiga picha kwa droni hapa Malindi. Harusi, viwanja vya kuuza, hoteli, na mara mojamoja kazi ya vikundi vya wavuvi wanaotaka kujua mikoko yao imebaki kiasi gani. Kazi ya mjomba si ya kulipwa. Nilipanda matatu hadi Gongoni, nikachukua boda kupita kwenye mashamba ya chumvi, na alfajiri nilikuwa Ngomeni.

Tulitoka maji yakiwa yamejaa. Niliamua kuirusha droni kutoka ndani ya mashua yenyewe, kwa sababu tulikuwa tunakwenda mbali na ufuko. Ikanisumbua tangu mwanzo. Droni kabla ya kuruka hutaka itulie ijipime, ijue chini ni wapi na kaskazini ni wapi, na ndani ya mashua hakuna kutulia. Nikaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, nikawa nauyumbisha mwili kinyume cha chombo ili ipate sekunde chache za utulivu. Mara ya tatu taa ikawa ya kijani. Hapo ikaandika kwa setilaiti mahali ilipo: hapa ndipo nyumbani. Nikaiachia.

Nimepiga picha nyingi katika kazi hii, lakini zile za asubuhi ile sizisahau. Tanga la merikani bado jeupe, halijapata madoa ya ukungu wala moshi, limevimba kwenye foromali, ule mti unaolibeba, kama shavu la mtoto aliyejaza maji. Nyuma ya chombo mkia mrefu wa povu. Mjomba aliikodolea macho skrini yangu huku mkono mmoja uko kwenye sukani, na baharia wake ikambidi amkumbushe mara mbili kuangalia mbele.

Upepo ulikuwa wa nyuma na tulikuwa tunakwenda kwa kasi. Nikaipeleka droni nyuma yetu, mbali, ili chombo kionekane kidogo ndani ya ghuba kubwa. Mawasiliano yakakatika. Droni ikipoteza mawasiliano hufanya ilichofundishwa: hupanda juu kidogo, hugeuka, na hurudi nyumbani. Na nyumbani, kwa hesabu yake, ni pale nilipoiachia. Sisi pale tulishapaacha, tulikuwa mbele kama mita 700.

Picha ilirudi kwenye skrini kwa muda mfupi. Nikaona maji matupu. Betri ilikuwa imebaki asilimia 8, na kwa kiwango hicho droni haikubali kuzuiwa tena, inatua. Nikamwambia mjomba turudi. Lakini chombo cha tanga hakirudi nyuma kama gari. Ilibidi foromali ivushwe, tanga ligeuzwe, tuanze kubisha dhidi ya upepo, huku na huku, na kila mkato unakupeleka mbele hatua moja na pembeni hatua tatu. Nikabaki nimeshika rimoti, naangalia bahari ikikua ndani ya skrini. Kwanza rangi moja. Kisha mistari ya mawimbi. Kisha mduara mmoja wa maji yanayotetemeka, upepo wa propela zake ukiyapuliza, na ndani ya mduara kivuli chake mwenyewe kikija kuipokea. Halafu nyeusi.

Tulipofika hapakuwa na kitu. Mjomba alizunguka mahali pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kama wanavyomtafuta mtu. Mwishowe akaniambia, "Haikupotea, mwanangu. Ilirudi. Sisi ndio tuliohama."

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachopata kuhusu watu wanaorusha ndege zisizo na rubani kutoka kwenye meli. Sikuanza kwa kupenda vita. Nilianza kwa swali la mtu aliyepoteza chombo chake cha kazi: wao wanawezaje kurudi kwenye nyumba inayotembea?

Jibu linaanzia pwani ya Virginia, Marekani, mwaka 2013. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na ndege mbili za majaribio zilizoitwa X-47B, zilizotengenezwa na kampuni ya Northrop Grumman. Haina mkia, haina chumba cha mtu, mabawa yake yanafika karibu mita 19 na hukunjwa ili ipate nafasi melini. Tarehe 14 Mei mwaka huo moja ilirushwa kwa manati ya mvuke kutoka manowari ya kubeba ndege USS George H.W. Bush, ikaruka zaidi ya saa nzima, ikatua nchi kavu, uwanja wa Patuxent River. Kurusha ni nusu ya kazi, na ni nusu nyepesi. Hata mimi kurusha nilirusha.

Tarehe 10 Julai ikarudi melini. Na hapa naomba msomaji asiende haraka, kwa sababu ndipo penye ufundi. Meli ile ina urefu wa mita zaidi ya 330, lakini sehemu ya kutulia ndege ni finyu na imekaa kimshazari, haifuati mkuku wa meli. Maana yake meli ikisonga mbele, njia ya kutulia inakuwa inasogea mbele na pembeni kwa pamoja. Omo, mbele ya meli, inapanda na tezi, nyuma yake, inashuka. Tena meli haisimami kungoja ndege. Hukimbia kuelekea upepo, makusudi, ili ndege ipate upepo wa kuibeba. Ndege inakuja na ndoano chini ya tumbo, na sitahani zimetandazwa nyaya nene za chuma. Ikiukamata waya, imefika. Ikiukosa, iwe na nguvu ya kuondoka tena kabla sitaha haijaisha. Ndiyo maana marubani wa watu, wakigusa tu sitaha, husukuma injini hadi mwisho badala ya kuipunguza. Unafika nyumbani huku uko tayari kuondoka.

X-47B iliukamata waya wa tatu. Kutoka mwendo wa karibu kilomita 270 kwa saa ilisimama ndani ya mita 107 hivi.

Siri yake ni ile niliyoikosa mimi. Ndege ile haikuandika nyumba yake mara moja na kuikariri. Meli na ndege zote mbili zinajipima kwa setilaiti, na meli inaiambia ndege bila kukoma: sasa niko hapa, sasa nimeinama hivi, sasa nimesogea. Ndege haitafuti mahali duniani. Inatafuta tofauti kati yake na meli, na hiyo tofauti ndiyo inayoipunguza kidogo kidogo hadi iwe sifuri. Nilipolielewa hilo nilikaa kitako. Ni hesabu ile ile ambayo mjomba huifanya akileta mashua ubavuni mwa mashua nyingine ili kupakua samaki katikati ya mawimbi. Haangalii ufuko. Anaiangalia ile nyingine, na anasikiliza mtu wa upande wa pili anayepiga kelele: njoo, njoo, bado, sasa!

Siku hiyo hiyo ilitua mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa njiani ikagundua yenyewe hitilafu katika moja ya kompyuta zake za kuongozea safari. Haikushuka sitahani. Ilikwenda uwanja wa Wallops Island, pwani ya Virginia, ikatua salama. Magazeti mengi yalisifu zile mbili za kwanza. Mimi ninayoipenda ni ya tatu. Nimejua manahodha wawili waliokufa kwenye mlango wa mwamba kwa sababu waliona haya kugeuza chombo mbele ya watu waliosimama ufukoni. Mashine ile ilikuwa mbele ya wakubwa wote wa jeshi lake na kamera zao, ikagundua haijiamini, ikaenda kwingine.

Watu wa Ngomeni tuna haki ya kusema kwamba sitaha ya chuma inayorusha chombo kisicho na mtu si habari mpya kwetu. Ukitoka nje ya ghuba utaona miguu ya San Marco mpaka leo. Waitaliano waliliweka jukwaa lile baharini miaka ya 1960, na kati ya 1967 na 1988 zikarushwa hapo setilaiti 9 kwa roketi za Scout. Moja iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, na ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei angani. Babu yangu alikuwa baharia wa mashua iliyopeleka vyakula upande ule. Alikuwa akisimulia kwamba siku ya kurusha waliamriwa wakae mbali, na sauti iliwafikia baada ya moto, ikawapita kifuani kama ngoma kubwa iliyopigwa mara moja. Nilimwuliza nikiwa mdogo roketi inarudi saa ngapi. Akasema, "Ile ni kuagana, mjukuu wangu. Hairudi."

Na jukwaa la San Marco halikuhitaji kuwaza juu ya kurudi. Limesimama kwa miguu ya chuma ndani ya mchanga, halisogei hata shibiri. Kurusha kitu kutoka baharini wazee wetu walikushuhudia. Kukipokea kikirudi, juu ya kitu kinachotembea, bila mtu ndani: hilo ndilo jipya.

Baada ya X-47B Wamarekani walifanya jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza. Badala ya kuifanya ndege ya kupiga mabomu, waliamua droni yao ya melini ianze kwa kubeba mafuta. Mwaka 2018 Boeing walipewa mkataba wa dola milioni 805 kutengeneza MQ-25 Stingray, na tarehe 4 Juni 2021 ndege ya majaribio ya aina hiyo ilimwagia mafuta ndege ya kivita F/A-18 Super Hornet angani. Ilikuwa mara ya kwanza ndege isiyo na mtu kuinywesha ndege yenye mtu. Anayeiendesha hashiki usukani wa aina yoyote. Anakaa mbele ya kompyuta na kuiagiza kwa kubonyeza, nayo inajirusha kwa namna inavyojua. Sababu ya kuanza na mafuta ni ya kawaida kabisa: Super Hornet nyingi zilikuwa zinapotezewa muda kwa kunyweshana zenyewe kwa zenyewe, marubani na mabawa vinachoka kwa kazi ya kubeba tu.

Mjomba nilipomweleza alielewa mara moja. Wavuvi wakipiga dago, yaani kambi ya uvuvi, visiwani, hakuna anayepoteza mashua nzuri ya kuvulia kwa kubeba maji na barafu. Inatafutwa chombo kingine, cha pole, chenye kazi hiyo moja. Na ukitaka kumjua baharia mgeni, humpi nyavu siku ya kwanza. Humpa mitungi ya maji.

Uturuki walifika kwa njia nyingine. Meli yao TCG Anadolu ilikusudiwa kubeba ndege za kivita za Marekani za F-35 zinazopaa kwa mwendo mfupi, lakini mwaka 2019 waliondolewa kwenye mpango wa F-35 baada ya kununua mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 kutoka Urusi. Wakabaki na meli inayojengwa na hawana ndege ya kuiweka. Wakatengeneza droni ya kuifaa: Bayraktar TB3, yenye mabawa ya kukunjwa, isiyohitaji manati wala waya. Tarehe 19 Novemba 2024 iliruka kutoka Anadolu na kutua juu yake. Iran nao Februari 2025 waliingiza kazini Shahid Bagheri, iliyokuwa meli ya makontena, wakaitandikia njia ya kurukia ya mita 180. China ilishusha majini meli ya Sichuan mwisho wa 2024, yenye manati ya umeme. Kwa hiyo hili si jambo la taifa moja tajiri tena. Mwenye meli ya makontena na mafundi wa kuchomelea anaweza kuingia.

Ila inayonigusa mimi, mtu wa Malindi, ni ya Ureno. Mwaka 2023 Ureno ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Damen kujengewa meli ya kubebea droni, yenye urefu wa mita 107, na ikaipa jina la mfalme D. João II. Huyo ndiye aliyemtuma Bartolomeu Dias, aliyeipita ncha ya kusini ya Afrika mwaka 1488. Miaka 10 baadaye, kwa njia ile ile, Vasco da Gama akatokea hapa kwetu, na mnara wake uko pale kwenye ncha ya mwamba ambapo watoto wa shule hupigwa picha na mimi nimerusha droni mara zisizohesabika.

Sasa fikiria Vasco da Gama alikuja Malindi kutaka nini. Alitaka rubani.

Neno hili halikuzaliwa angani. Rubani ni mtu wa bahari, yule anayeujua mlango, mwamba na nyota, anayepanda chombo cha mgeni na kukifikisha. Ndege zilipokuja, Kiswahili kilichukua jina la mtu huyo na kulipandisha juu. Aprili 1498 mfalme wa Malindi aliwapa Wareno rubani. Waliondoka tarehe 24, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India. Shuleni nilifundishwa kuwa alikuwa Ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu, jambo ambalo wanahistoria wengi sasa hawalikubali. Vyovyote iwavyo, alikuwa mtu, na aliupandisha mwenyewe mwili wake kwenye meli ile. Kama angekosea mwamba, angezama nao. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana yake, na wote waliokuwemo waliijua.

Tunaposema "ndege isiyo na rubani" tunasema kwa wepesi, kama kusema chai isiyo na sukari. Kilichoondolewa ni yule mtu ambaye kosa lake linamrudia mwilini.

Nitasema ninachokiogopa, na nitakisema kupitia picha za siku ile ile. Droni ilizama, lakini simu ilikuwa imehifadhi nakala hafifu ya picha. Jioni tulikaa barazani kwa mjomba tukaitazama. Kuna mahali kamera ilipanda juu sana na mashua 7 zikawa ndani ya picha moja. Mjomba ni mtu ambaye chombo kikiwa bado ni nukta upeoni atakwambia ni cha nani, kwa mlalo wa foromali tu. Alinyoosha kidole kwenye skrini akasema, "Hiki hapa, hiki ndicho changu." Hakikuwa chake. Kilikuwa cha jirani yetu wa Mambrui. Aliona tanga lile kwa upande maisha yake yote. Kutoka juu hakulijua. Na mimi niliyekuwa ndani ya chombo chenyewe nilijitambua kwa sababu moja tu, fulana ya rangi ya chungwa.

Mita 120 tu hizo, anga safi, bahari ya nyumbani, macho yanayopenda kinachotazamwa.

Tarehe 15 Februari 2012, nje ya pwani ya Kerala, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwapiga risasi wavuvi wawili wa Kihindi wakiwadhania maharamia. Wavuvi wale walikuwa wanatoka kazini. Kesi ilizunguka miaka mingi kati ya mataifa mawili, lakini ilikuwepo, kwa sababu palikuwa na watu wenye majina waliovuta bunduki. Na tarehe 22 Desemba 2024, kwenye Bahari ya Sham, manowari ya Marekani USS Gettysburg ilitungua ndege ya F/A-18 iliyokuwa ikiruka kutoka USS Harry S. Truman, meli waliyokuwa nayo msafara mmoja. Marubani wawili waliruka wakaokolewa. Rada zote zile, watu wote wale waliofunzwa, na wakapiga wa kwao.

Sisi tuko wapi katika haya? Si mbali. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege za kijeshi wa Manda Bay, karibu na mji wa Lamu. Wamarekani 3 waliuawa na ndege kadhaa zikateketea. Wavuvi wa Kizingitini, Faza na Kiunga wanatupa nyavu chini ya anga hiyo kila siku. Mashua ya kamba-mti na mashua ya mtu mbaya ni mashua moja: mbao zile zile, injini ile ile, madumu ya mafuta yale yale, vijana wanne wamejifunga vitambaa kichwani kwa jua.

Kwa hiyo naweka mstari wangu hapa, na sioni haya kuuweka ingawa mimi ni mpiga picha tu. Mashine ijiendeshe. Ijirushe, ijitue, ijue kuwa haijiamini na iende kwingine. Ibebe mafuta, itafute waliopotea. Laiti ingekuwepo usiku ule chombo cha shemeji yangu kilipopinduka nje ya mlango wa Sabaki, tusingengoja hadi asubuhi. Lakini kuchagua nani apigwe, hapana. Sera ya wizara ya ulinzi ya Marekani, iliyopitiwa upya Januari 2023, inataka silaha za aina hii ziache nafasi inayofaa kwa uamuzi wa binadamu, na hilo neno "inayofaa" linaniweka macho. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitaka mkataba wenye nguvu ya kisheria ukamilike ifikapo 2026. Desemba 2023 mataifa 152 yalipiga kura Baraza Kuu kuunga mkono azimio la kwamba jambo hili lishughulikiwe kwa haraka. Kura ni nzuri. Mimi nangoja mkataba.

Ilinichukua miezi mitano kupata droni nyingine, ya mtumba, kutoka kwa kijana wa Kilifi anayehamia kazi ya bima. Kabla sijairusha nilisoma ukurasa mmoja wa maelekezo yake niliokuwa nimeuruka kwenye ile ya kwanza: unaweza kuibadilishia nyumbani ikiwa angani, ukaiambia nyumbani ni hapa niliposhika rimoti. Kitufe kimoja. Sasa nakibonyeza kila baada ya dakika mbili tukiwa baharini, hata kama mtu ananisemesha.

Kutua nako tumebadilisha. Haitui ndani ya mashua. Sakafu inayumba mno na kamba ni nyingi. Inakuja juu ya tezi, inaelea, na mjomba anaidaka kwa mikono. Tulifanya mazoezi siku nzima ufukoni kabla ya kuthubutu majini. Amevaa glavu za kuvutia mshipi wa jodari. Sharti lake ni moja: mimi nisiishushe mpaka yeye aseme "njoo", na akisema "bado" niirudishe juu hata kama betri inalia.

Tanga nalo limepata alama. Baada ya kuonyesha chombo cha jirani badala ya chake, mjomba alinunua kipande cha kanga nyekundu akakishona pembe ya juu, pande zote mbili. Kiraka cha upana wa mkeka wa kuswalia. Wiki iliyopita tulitoka tena, kaskazi imeshaanza kujipanga, na nikapandisha droni hadi tukawa mashua sita ndani ya picha. Nikamgeuzia skrini. Safari hii alinyoosha kidole bila kusita.

Akakaa kimya kidogo, jicho kwenye tanga.

"Na wale wenye meli kubwa," akaniuliza, "kiraka changu wamekijua?"

Betri ilikuwa asilimia 30. Niliileta nyuma ya tezi nikaisimamisha pale, propela zikipiga kelele juu ya povu. Mjomba alimpa baharia sukani, akapandisha glavu hadi kifundoni, akapanua miguu.

"Bado," akasema. Wimbi likapita chini yetu. "Bado. Njoo."